Karakana ya trekta kwenye udongo wa mbuga

Katika bonde la Usangu, wilayani Mbarali, mashine nyingi za mpunga hulala nje. Kombaini hufanya kazi wiki chache, kisha hukaa juani miezi: mikanda inapasuka, mipira ya haidroliki inakauka, panya wanatafuna nyaya. Mwenye mashine anapoamua kujenga karakana ya chuma, swali lake la kwanza huwa ni skwea paipu ya unene gani na bati geji ngapi. Uzoefu umetufundisha kuanza kwingine. Karakana chache huangushwa na chuma chembamba. Nyingi hupasuliwa na udongo uliovimba chini yake, au hung'olewa na upepo ulioingia mlangoni ukatafuta pa kutokea paani. Ndiyo maana maelezo haya yatakaa ardhini muda mrefu kabla ya kupanda juu.

Vipimo tunavyovipendekeza ni upana wa mita 9 na urefu wa mita 12, kimo cha mita 4.2 ukutani. Humo zinaingia trekta mbili za nguvu ya farasi 75 hadi 90, kombaini moja ndogo ya mikanda ya mpira, na bado mafundi wanapata pa kuzungukia. Namba hizo zina faida nyingine: ukipima mita 9 upande mmoja na 12 upande wa pili, kamba ya pembe kwa pembe lazima isome mita 15 kamili. Ikisoma 15.06, pembe zako si mraba, na kosa hilo utakutana nalo tena siku ya kupiga bati, wakati halirekebishiki. Kabla ya kuchora chochote, pima mashine zako mwenyewe kwa futi kamba: trekta pamoja na bomba la moshi, kombaini ikiwa na bomba la kumwagia nafaka, tela pamoja na mkono wake. Usichukue kipimo cha kitabu pekee, kwa sababu mashine nyingi zimeshaongezewa vitu.

Sasa udongo. Mbuga nyeusi, yaani ule udongo mweusi wa mfinyanzi wa bondeni, huvimba ikinywa maji na kusinyaa ikikauka. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa zinazoweza kumeza kiganja. Kwenye eneo lako chimba shimo la mita 2 mwishoni mwa kiangazi uone rangi zinabadilika wapi na nyufa zinaishia wapi. Angalia pia alama za maji kwenye magome ya miti na waulize wazee wa jirani maji yalifika wapi masika ya mafuriko. Ukiwa na kijiinuko cha udongo mwekundu mita 300 kutoka nyumbani, na mbuga mlangoni pako, jenga kwenye kijiinuko. Hizo mita 300 utazitembea, lakini sakafu iliyoinuka katikati huiwezi. Na kama ardhi ni ya kijiji, pata kwanza hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Jengo la kudumu kwenye eneo lisilo na maandishi ni ugomvi unaosubiri urithi.

Kama huna budi kujenga kwenye mbuga, toa sentimita 60 za juu kwa eneo lote la jengo na mita 1 zaidi kila upande, yaani mita 11 kwa 14. Jaza moramu, yaani udongo wa changarawe, hadi ipande sentimita 30 juu ya ardhi ya asili. Ni mita za ujazo zipatazo 139 zikiwa zimeshindiliwa. Zikiwa huru kwenye lori ni kama 180, safari 18 za tipa la mita za ujazo 10. Watu wengi huagiza safari 10, wakaishiwa, wakamalizia na ule udongo mweusi waliouchimba. Hapo wamerudisha ugonjwa ndani ya nyumba. Udongo mweusi uondoke kabisa, upelekwe kwenye majaruba.

Moramu ishindiliwe kwa tabaka za sentimita 15, si zaidi. Ukimwaga sentimita 40 kwa mara moja, mashine hukaza juu tu na chini panabaki sponji. Unyevu ni wa kupima kwa mkono: finyanga, ishikane kama tonge, isilowanishe kiganja. Jaribio la mwisho ni kupitisha trekta yenye tela lililojaa. Gurudumu likiacha mfereji, rudia tabaka hilo. Chimba mtaro wa maji mita 3 kutoka ukutani, na usipande mkaratusi karibu, kwa sababu mizizi yake hunyonya maji ya udongo na mbuga husinyaa upande mmoja wa jengo. Mita 15 ni umbali wa kuanzia.

Nguzo ni nane, mistari miwili ya nne, kila mita 4. Chini ya kila nguzo panakaa kitako cha zege cha mita 1.2 kwa 1.2, unene sentimita 40. Fundi akikuambia hilo ni kubwa mno kwa jengo jepesi, mwambie wepesi ndio tatizo. Upepo wa mita 30 kwa sekunde una msukumo wa karibu kilo 55 kwa kila mita ya mraba, na mlango ukiwa wazi paa hunyanyuliwa kutoka ndani huku likivutwa kutoka nje. Kila nguzo ya kati inabeba kama mita za mraba 20 za paa. Piga hesabu: ni zaidi ya tani moja inayovuta kwenda juu, wakati paa lenyewe halina uzito wa kushindana nayo. Kitako hicho kina uzito wa kilo 1,380 hivi, na udongo ulioshindiliwa juu yake unaongeza. Huo ndio uzito unaoshikilia karakana yako ardhini. Mhandisi wa halmashauri au wa binafsi akupitishie hesabu kabla ya kununua. Malipo yake ni madogo ukilinganisha na paa moja lililoruka.

Shimo la kitako lifike mita 1.5 chini. Likishachimbwa, mwaga zege jembamba la sentimita 5 siku hiyo hiyo, au lifunike kwa turubai. Shimo la mbuga likinyeshewa usiku mmoja, chini hugeuka uji, na zege la kesho litakaa juu ya uji. Kuzunguka shina la nguzo, yaani zege linalopanda kutoka kwenye kitako, rudishia moramu. Udongo mweusi hulishika shina la zege na kulivuta nao unapovimba.

Nondo za kitako ni milimita 12, kila sentimita 15, pande zote mbili. Uzito wa nondo unajulikana bila kuaminiana na mtu: kipenyo mara kipenyo, gawanya kwa 162, unapata kilo kwa mita. Ya milimita 12 ni kilo 0.89 kwa mita, kwa hiyo ya mita 12 iwe na kilo 10.6 au karibu sana na hapo. Ikiwa kilo 9, umeuziwa ya milimita 11.

Zege la vitako na la sakafu tunalichanganya mfuko mmoja wa saruji kwa mchanga mmoja na nusu na kokoto tatu, kipimo kikiwa boksi la lita 35, maana ndio ujazo wa mfuko wa kilo 50. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko. Vibarua hupenda kuongeza maji ili zege liteleze lenyewe. Sakafu ya namna hiyo huchuna vumbi mwaka wa kwanza. Kwa mchanganyiko huu andaa mifuko 8 kwa kila mita ya ujazo: vitako vinane na mashina yake ni karibu mifuko 47.

Bolti za msingi ndipo kazi nyingi zinapoanza kupinda. Kila nguzo ina bolti nne za milimita 20, urefu sentimita 50, zilizokunjwa mguu. Zifungie kwenye kipande cha sahani ya chuma chenye matundu yaleyale ya sahani ya kitako cha nguzo, kisha kamba ipite mstari mzima kabla zege halijamwagwa, na ipimwe tena zege likiwa bichi. Bolti ikisogea sentimita 2, fundi atapanua tundu la sahani kwa moto wa kijiti cha kuchomelea, na nati itakaa juu ya shimo lisilo na kitu cha kukamata. Tumekuta nguzo za karakana nzima zimesimama hivyo. Sahani ya kitako cha nguzo iwe milimita 300 kwa 300, unene 12. Weka nati chini na nati juu ya sahani ili uweze kuinyoosha nguzo kwa timazi, halafu jaza sentimita 3 za chini kwa saruji kavu iliyosindiliwa.

Kwenye duka la vyuma nenda na kalipa ya venia, kifaa cha kupimia unene, na mizani. Nguzo ni skwea paipu ya 150 kwa 150, unene milimita 5. Boriti za juu na chini za kenchi ni 75 kwa 75, unene 3. Vyuma vya ndani ni 40 kwa 40, unene 3. Skwea paipu ya 75 yenye unene wa kweli wa milimita 3 na urefu wa mita 6 ina kilo 40. Ikisoma 33, hiyo ni ya 2.5, hata kama risiti imeandikwa 3. Pima na urefu pia. Chuma kingi kinachoitwa cha mita 6 ni mita 5.8, kwa sababu kilikuja ndani ya kontena la futi 20. Jengo la mita 12 ukilipangia vipande viwili viwili vya mbao za chuma, yaani vyuma vya kubebea bati, utapungukiwa sentimita 40 kwenye kila mstari, na mistari ni 12. Fundi ataunga vipande vifupi katikati ya hewa. Kiungo chochote cha mbao hizo za chuma kikae juu ya kenchi, au kiwekewe ndani kipande cha kuungia cha sentimita 60.

Kenchi nne zitengenezwe chini, kwenye eneo lililosawazishwa. Ya kwanza ikishapimwa na kuthibitishwa, chomelea vizuizi kuizunguka, na nyingine zote zilale juu yake. Kimo cha katikati ni mita 1.2, ambacho kwa nusu upana wa mita 4.5 kinatoa mteremko wa nyuzi 15. Shika viungo vyote kwa nukta kwanza. Usimalize kiungo kimoja kabisa kisha uende cha pili; ruka upande hadi upande, la sivyo joto litaipinda kenchi kama upinde na hutaiona mpaka isimame.

Kijiti cha milimita 2.5 kinataka ampea 70 hadi 100, cha 3.2 kinataka 100 hadi 140. Shida ya vijijini haiko kwenye mashine ya kuchomelea, iko kwenye waya unaoilisha. Mashine inayovuta ampea 25 kupitia waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, umbali wa mita 60 kutoka kwenye mita ya Luku, inapoteza volti zipatazo 22 njiani. Ukiweka waya wa milimita 10 za mraba, hasara inashuka hadi volti 5 au 6. Na kama mashine za kukoboa mpunga zinatumia transfoma moja nawe, mchana volti zimeshashuka kabla hazijafika kwako. Matokeo yake ni mchomeo uliokaa juu ya chuma bila kuingia: unapendeza kwa macho, ukigongwa kwa nyundo unabanduka kama gamba. Chomelea vipande viwili vya majaribio kila asubuhi, uvunje kwa nyundo, uangalie ndani. Volti zikiwa hafifu, kodi jenereta ya kVA 10 kwa siku za nguzo na kenchi. Kwenye chuma chenye zinki, saga zinki sentimita 3 kila upande kwanza. Moshi wake unaleta homa, na mchomeo wake unatoka na vitundu.

Kenchi moja ya vipimo hivi ina kilo kama 160. Watu kumi wenye kamba, kapi na mti wa kunyanyulia wanaiweka juu bila kreni. Hatari iko baada ya hapo. Kenchi iliyosimama peke yake haina nguvu ya ubavu hata kidogo. Kila moja ifungwe kamba pande mbili hadi chini, na usiondoke jioni ukiwa umesimamisha kenchi nne bila mbao za chuma za kuziunganisha. Upepo wa usiku ukiiangusha ya kwanza, zinazofuata zinakwenda nayo. Misalaba ya nondo ya milimita 16 yenye vikazio iwekwe kwenye chumba (nafasi kati ya nguzo na nguzo) cha mwisho cha kila upande, ukutani na paani. Hiyo huachwa mara nyingi kwa sababu haibebi kitu kinachoonekana. Inabeba upepo.

Bati liwe geji 28, yaani karibu milimita 0.4, likatwe kiwandani kwa urefu wa mita 5.2 ili kusiwe na maungio kati ya kileleni na ukingoni. Mbao za chuma ziachane mita 1 na kidogo. Skrubu zenye washa ya mpira, kila mgongo kwenye mistari ya ukingo na ya kileleni, mgongo mmoja ndiyo mmoja siyo katikati. Ingiza bati moja linalopitisha mwanga katika kila bati sita, na acha upenyo wa hewa kileleni. Kwa joto la Usangu karakana iliyozibwa ni tanuri saa nane mchana. Paa hili likiwa na mabomba ya kukingia, kila milimita ya mvua ni lita 126. Mahali penye milimita 600 kwa mwaka, hata ukipoteza moja ya tano, unabaki na lita 60,000 za kuoshea mashine.

Mlango uwe wa kuteleza, ukutani kwa upana wa jengo, ukitazama kaskazini-magharibi, kwa kuwa upepo wa kiangazi hutoka kusini-mashariki. Hapa pana mtego wa hesabu. Ukuta ni mita 9. Ukitaka mlango wa mita 4.8 wenye mbawa mbili, kila ubawa ni mita 2.4, na ukuta unaobaki kila upande ni mita 2.1: ubawa utachomoza nje ya kona sentimita 30 na upepo utaupata. Mlango wa mita 4.4 una mbawa za 2.2 na ukuta wa 2.3. Unakaa. Kimo cha mita 3.8 kinatosha.

Ukuta wa chini mita 1.2 uwe wa tofali, bati lianzie hapo. Bati lililogusa udongo huoza kuanzia chini, na gurudumu la trekta likiligusa hulikunja mara moja.

Sakafu iachwe mpaka paa limekamilika. Watu humwaga jamvi kwanza ili wapate pa kufanyia kazi, na zege linakaushwa na jua kabla halijakomaa. Chini ya kivuli cha paa, likimwagiliwa siku 7, linakuwa gumu kwelikweli. Unene sentimita 15, chini yake nailoni nzito, wavu wa chuma wa BRC ukae theluthi ya juu. Wavu huu mara nyingi hukanyagwa na kuzama chini kabisa, ukawa hauna kazi. Tengeneza vigoda vya nondo vya kuubeba. Saruji ni mifuko 130. Kata mistari ya kina cha sentimita 4 au 5, kila mita 3 kwa 3, ndani ya saa 24. Zege litapasuka kwa vyovyote. Mistari hiyo inaliambia lipasukie wapi.

Mita 8 za mbele ziteremke kuelekea mlangoni sentimita 1 kwa kila mita. Mita 4 za nyuma ziwe tambarare kabisa. Hapo ndipo trekta inapogawanywa mara mbili kubadilisha klachi, na sehemu mbili za tani moja na nusu kila moja zikisimama juu ya sakafu iliyoinama, kuzirudisha zikutane ni kazi ya siku nzima na vidole viko hatarini.

Shimo la kukagulia tunashauri lisichimbwe. Trekta ina nafasi ya kutosha chini yake, na kwenye mbuga maji ya ardhini hupanda masika yakalijaza. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutulia humo ukingoja cheche. Winchi ya mnyororo nayo isitundikwe kwenye kenchi. Kenchi ilipigiwa hesabu ya bati na upepo. Injini ya silinda nne ina kama kilo 300, na fundi akishaizoea kenchi ataitundikia hata gia boksi. Tengeneza fremu inayojitegemea yenye aibimu (chuma cha umbo la I) ya milimita 152 kwa 89, upana mita 3.5, isimame sakafuni kwa miguu yake. Ijaribu kwanza kwa mapipa ya maji: pipa la lita 200 ni kilo 200, na mzigo wa majaribio uzidi ule wa kazi kwa robo.

Mbolea isikae humu hata mfuko mmoja. Chumvi zake hunyonya unyevu wa hewa na kula nguzo, spana na beringi pamoja. Dizeli na petroli zikae kibandani mita 10 pembeni. Kombaini nayo isiingie na makapi yake: ipulizwe kwa upepo na kufagiliwa nje, hasa kuzunguka injini na bomba la moshi. Cheche moja ya grenda ikitua kwenye pumba kavu ndani ya mashine haitoi moto papo hapo, hufuka kimya saa mbili au tatu, na huwaka mafundi wakiwa wameshafunga mlango. Baada ya kusaga au kuchomelea kombaini, mtu mmoja abaki na ndoo za maji hadi ahakikishe hakuna kinachofuka.

Masika ya kwanza yakipita, zunguka na spana. Kaza upya nati zote za vitako na vikazio vya misalaba, angalia skrubu za ukingo wa paa, na pima tena usawa wa pembe za sakafu kwa mpira wa maji. Andika namba hizo ukutani kwa rangi, pamoja na tarehe, ili mwaka unaofuata uwe na cha kulinganishia.